Linki za kununua: Wenye biashara Mombasa wapige hesabu kwanza

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie biashara inayokula pesa za watu wa Mombasa kimyakimya. Wenye hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu, kampuni za utalii, mawakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, hata maduka ya leso ya Biashara Street, wanaletewa kwa barua pepe na WhatsApp ofa ya aina moja: lipa kiasi fulani, tutakuwekea linki 20 kwenye tovuti zenye nguvu, na tovuti yako itapanda hadi ukurasa wa kwanza wa Google. Msimu wa wageni unakaribia, vyumba viko wazi, mwenye hoteli hana wa kumuuliza, analipa.

Kazi yetu ni kutengeneza tovuti na kukagua zilizotengenezwa na wengine. Hatusemi kila muuza linki ni tapeli, wala kwamba kila aliyenunua aliumia. Tunachosema ni kwamba hesabu yenyewe haipigwi, na ikipigwa kwa uaminifu biashara nyingi za Pwani zitaona hazina sababu ya kununua.

Asili ya mambo ni hii. Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia ya kupanga kurasa za intaneti waliyoiita PageRank. Ukurasa ukiweka linki ya kwenda kwenye ukurasa mwingine, ilihesabiwa kuwa umeupigia kura. Kura ya ukurasa ambao wenyewe umepigiwa kura nyingi ilikuwa nzito kuliko ya ukurasa usiojulikana, na uzito huo uligawanywa kwa idadi ya linki zinazotoka pale. Hicho kipengele cha mwisho wauzaji hawakitaji. Ukurasa wenye linki 200 zinazotoka unagawa uzito wake mafungu 200, na fungu lako ni moja. Na palipo na kura hapakosi wanunuzi wa kura, kwa hiyo soko la linki lilizaliwa mapema.

Tuanze na faida, kwa sababu ipo. Google bado inatumia linki kugundua kurasa mpya na kupima uzito wao, ingawa si kama zamani. Gary Illyes, mmoja wa wasemaji wake, alisema hadharani mwaka 2023 kwamba linki hazimo tena katika vigezo 3 vya juu. Pia Google haioni pesa zikipita kwa M-Pesa. Inachoona ni alama zinazoachwa na ununuzi. Linki moja ndani ya makala yanayosomwa, kwenye tovuti ya mada inayohusiana na biashara yako, inaweza kukaa miaka bila kugundulika na ikasaidia. Katika nyanja zenye ushindani mkali, kama kamari, bima na mikopo, wapo wanaonunua kila mwezi na wanaonekana juu. Anayekuambia linki za kununua hazifanyi kazi kamwe hakuambii kweli.

Lakini angalia wanaofaulu ni nani. Mara nyingi ni watu wenye domeni nyingi, yaani majina ya tovuti waliyoyasajili, na moja ikizama wanaiacha na kuendelea na nyingine. Hoteli ya Shanzu ina domeni moja. Imeandikwa kwenye ubao wa barabarani, kwenye risiti, kwenye kadi za wafanyakazi, na wageni wa Ujerumani waliokuja miaka 15 iliyopita wanaikumbuka. Muuzaji wa linki hana chochote cha kupoteza jina hilo likichafuka kwa Google. Hapo ndipo mizani inapoinama, na ndilo jambo tungependa kila mwenye biashara alifikirie kabla ya kuuliza bei.

Hasara zenyewe ni za aina mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kulipia kitu kisicho na thamani. Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilianzisha mfumo ulioitwa Penguin, ambao wakati huo uliteremsha tovuti zenye linki za kununua, na mwenye tovuti alingoja mpaka mfumo uendeshwe tena ndipo ainuke. Septemba 2016 Penguin iliingizwa ndani ya mfumo mkuu, ikawa inafanya kazi muda wote, na badala ya kuteremsha tovuti nzima ikawa zaidi inazipuuza linki mbaya. Desemba 2022 Google ilitangaza kwamba mfumo wake wa kunasa spamu (hila za kupandisha tovuti), SpamBrain, sasa unatambua tovuti zinazonunua linki pamoja na zile zinazotumika kuzigawa. Kwa hiyo matokeo ya kawaida leo si adhabu. Ni sifuri. Umelipa linki 20, Google imezisoma na kuziweka kando, wala hakuna ujumbe utakaokufikia.

Kuna ubaya mwingine ndani ya hiyo sifuri. Google yenyewe imeandika kwamba linki za spamu zikishaondolewa nguvu, faida yoyote iliyotokana nazo inapotea na haiwezi kurudishwa. Maana yake tovuti iliyopanda kwa linki za kununua mwezi wa 3 inaweza kushuka mwezi wa 9 bila kosa jipya. Mwenyewe hudhani ameadhibiwa, muuzaji humwambia linki zimepungua, na anaombwa anunue nyingine ili arudi alipokuwa. Pesa nyingi zaidi hupotelea hapa kuliko kwenye ununuzi wa kwanza. Pale alipokuwa hapakuwa pake, palishikiliwa na linki ambazo sasa hazihesabiwi.

Hasara ya pili ni adhabu yenyewe, inayotolewa na mfanyakazi wa Google baada ya kuikagua tovuti kwa macho yake. Hii huja na ujumbe katika Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake, na haichagui mkubwa wala mdogo. Februari 2011 gazeti la The New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilikuwa na maelfu ya linki za kulipiwa kwenye mamia ya tovuti, nyingi zisizohusiana na bidhaa zake. Google ilipochukua hatua, duka hilo lilitoka namba 1 hadi namba 71 kwa utafutaji wa mabegi ya Samsonite ndani ya saa 2. Januari 2012 Google iliuteremsha ukurasa wa Chrome, programu yake yenyewe, kwa muda usiopungua siku 60, kwa sababu kampeni ya matangazo ilizaa makala ya kulipiwa yenye linki isiyowekwa alama.

Kisa kinachowahusu zaidi wasomaji wako, Mhariri, na wewe mwenyewe, ni cha Februari 2013 huko Uingereza. Kampuni ya maua ya Interflora ililipia makala ya matangazo katika magazeti mengi ya mikoani, kila makala ikiwa na linki ya kwenda kwenye tovuti yake. Google iliiondoa juu, na ilipotafutwa hata kwa jina lake haikuonekana mahali pake. Ilichukua siku 11 kurudi, muda mfupi kabla ya Siku ya Akina Mama, msimu mkubwa wa wauza maua. Magazeti yaliyochapisha makala hayo nayo yalionekana kupunguziwa kiwango chao cha PageRank. Aliyenunua na aliyeuza waliumia pamoja.

Sasa tuingie kwenye karatasi yenyewe ya ofa, kwa sababu ndiyo inayowababaisha watu. Kwa kawaida ni jedwali la Excel lenye safu 5: jina la domeni, DR au DA, wageni kwa mwezi, bei, na neno "dofollow", yaani linki inayopitisha uzito. DR ni kipimo cha kampuni ya Ahrefs, kutoka 0 hadi 100. DA ni cha kampuni ya Moz, kutoka 1 hadi 100. Hakuna hata kimoja kilicho cha Google. Google iliacha kuonyesha namba za PageRank kwa umma mwaka 2016, na vipimo hivi vikajaza pengo. Vyote viwili vinahesabu linki, kwa hiyo mwenye domeni anaweza kununua maelfu ya linki za bei ya chini akaipandisha DR yake bila msomaji hata mmoja kuongezeka. Safu ya wageni ina maana kuliko ya DR, na hata hiyo ni makisio.

Usiamini safu. Chagua domeni 3 kutoka orodha ile uzifungue mwenyewe. Kwanza andika kwenye Google neno site: ukiunganisha na jina la domeni bila kuacha nafasi. Tovuti yenye mamia ya makala ikitoa kurasa 4 au 5 tu, ujue Google haina haja nayo. Pili, soma vichwa vya makala 10 ya karibuni. Ukikuta la kwanza linahusu kasino, la pili mikopo ya haraka, la tatu dawa za kupunguza uzito na la nne safari za Tsavo, basi hiyo si tovuti ya wasomaji. Ni ukuta wa kubandikia. Tatu, tafuta mwandishi na anwani ya ofisi. Mara nyingi kuna fomu tu, na jina "admin". Nne, ingiza domeni kwenye web.archive.org. Ikiwa zamani ilikuwa ya kanisa au ya shirika la kusaidia watoto, kisha ikanyamaza miaka, halafu ikafufuka ikiwa blogu ya kila kitu, basi mwenyewe aliacha kuilipia na mwingine akainunua kwa sababu ya linki zake za zamani. Tangu Machi 2024 kanuni za Google zinataja mtindo huo kwa jina kuwa ni spamu.

Na kama linki imeshawekwa, usiridhike na picha ya skrini uliyotumiwa. Fungua makala kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U, itatokea misimbo ya ukurasa. Bonyeza Ctrl na F uandike jina la domeni yako. Utaiona mbele ya neno href, linaloonyesha linki inakwenda wapi. Jirani yake pakiwa na rel="nofollow" au rel="sponsored", linki hiyo haikusudiwi kupitisha uzito, na kama ulilipia uzito basi hukuupata. Kisha tafuta neno noindex upande wa juu wa misimbo hiyo. Likiwapo, ukurasa wenyewe hauingizwi kwenye Google kabisa. Mwisho, rudi ukurasa wa mbele wa tovuti ujaribu kuyafikia makala yako kwa kubofya menyu. Makala yasiyofikika kutoka popote ni ya kumwonyesha mteja tu.

Maneno yanayobebeshwa linki nayo yanasema mengi. Watu wakikutaja kwa hiari yao huandika jina la hoteli, au anwani ya tovuti, au "hapa". Tovuti iliyokaa miaka 6 na linki 12 za namna hiyo, kisha ikapata 40 ndani ya wiki 2, zote zikisema "Mombasa beach hotel", nyingi kutoka blogu za Kipolandi na Kivietnamu, haihitaji mpelelezi. Linki za chini ya kila ukurasa, zinazojirudia mara 3,000 kwenye tovuti moja, ni za kundi hilo hilo. Vivyo hivyo linki za kukodi: mwezi usipolipa zinaondolewa, na kuingia na kutoka kwake kwa pamoja ni alama nyingine.

Tahadhari moja tunaiweka peke yake. Ukiuziwa linki kutoka domeni za .ac.ke au .go.ke, jiulize muuzaji ameipataje. Vyuo na idara za serikali hazina kawaida ya kuuza nafasi kwa watu wa kati. Mbinu inayojulikana ni kuingia kwenye tovuti iliyoachwa bila kusasishwa na kupachika linki humo kwa siri. Kuingilia mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na jina la biashara yako ndilo litakalokuwa limeandikwa ndani ya ukurasa huo.

Hesabu ya pesa ni fupi, na ingefaa ifanywe kwa kalamu kabla ya simu ya kwanza. Tuseme linki moja ni Sh5,000, unachukua 10 kila mwezi kwa miezi 6. Hizo ni Sh300,000. Tuseme kila kundi la wageni unaowapeleka Tsavo Mashariki linakuachia faida ya Sh12,000 baada ya gari, mafuta, dereva na kiingilio. Unahitaji makundi 25 ya ziada, yaliyokuja kwa sababu ya linki hizo, ili urudi ulipokuwa tu. Kama katika kila watu 100 wanaofungua ukurasa wako mmoja ndiye anayelipa, makundi 25 yanataka watu 2,500 wa ziada. Sasa fungua Search Console, ripoti ya utendaji, uchuje kwa neno ulilotaka kupandia, uangalie mara ngapi tovuti yako ilionekana kwa neno hilo katika miezi 6. Ikiwa umeonekana mara 1,800 kwa jumla, na tayari uko ukurasa wa kwanza, hakuna linki duniani itakayokuletea watu 2,500 kutoka humo. Maneno mengi ya biashara za Mombasa, hasa yanayotafutwa kwa Kiswahili, hayana wingi huo. Na hata ushindani wake ni mdogo kiasi kwamba ukurasa ulioandikwa vizuri unapanda wenyewe.

Wapo watakaosoma barua hii wakiwa wameshanunua. Ushauri wetu kwao ni kutokimbilia kufuta. Kwanza hakikisheni Search Console iko mikononi mwenu. Mara nyingi aliyetengeneza tovuti aliisajili kwa barua pepe yake mwenyewe, na ujumbe wa adhabu unamwendea yeye, si mwenye hoteli. Dai uwekwe kuwa mmiliki, si mtumiaji wa kawaida. Kisha fungua sehemu ya hatua za mikono (Manual actions), ambako adhabu huandikwa. Ikiwa hakuna ujumbe wa linki zisizo za asili, acheni kununua na mwendelee na kazi. Google inasema wazi kwamba tovuti nyingi hazihitaji chombo chake cha kukana linki (disavow), cha kuiambia isizihesabu, na kukitumia ovyo kunaweza kuondoa hata linki nzuri mlizo nazo.

Ikiwa ujumbe upo, kazi ni ya wiki kadhaa na haina mkato. Pakua orodha ya linki za nje kutoka Search Console, ipange kwa domeni, uweke alama kila ulichonunua au kubadilishana. Waandikie wenye tovuti waziondoe, na andika tarehe ya kila barua na jibu lake, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo ndilo utakaloonyesha baadaye. Wengine watakudai pesa ili waondoe. Si lazima ulipe. Zilizobaki, ambazo utazikana kwa chombo hicho, ziorodheshe kwenye faili la maandishi tupu linaloishia na .txt, lenye usimbaji wa UTF-8, mstari mmoja kwa kila domeni, ukianza na neno domain: na jina la domeni. Mstari wa maelezo unaanza na alama ya #. Faili lisizidi mistari 100,000 wala megabaiti 2, ukomo ambao hakuna hoteli ya Mombasa itakayoufikia.

Mitego miwili huwakwamisha watu hapa. Chombo cha kukana linki hakikubali tovuti iliyosajiliwa katika Search Console kwa mtindo wa domeni nzima, kwa hiyo lazima usajili pia anwani kamili inayoanza na https. Na kila faili unalopakia linafuta lile lililotangulia. Ukipakia linki 5 mpya peke yake, 200 za jana zimerudi. Baada ya hapo ndipo uitumie Google ombi la kufikiriwa upya, ukieleza ulichonunua, kwa nani ulikilipia, umeondoa nini na nini kimeshindikana. Ombi la mistari miwili linalosema "hatujui linki hizi zilitoka wapi" hukataliwa. Majibu huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa, na ukikataliwa unaanza tena. Hata ukikubaliwa usitarajie nafasi ile ile ya zamani.

Kulipia tangazo lenye linki si dhambi, na hapa pana kutoelewana kwingi. Google haikatazi kununua nafasi kwa ajili ya wasomaji. Inachokataza ni kulipia linki ili ikupandishe. Tofauti inawekwa kwa alama: tangu Januari 2005 kuna nofollow, na Septemba 2019 ikaongezwa sponsored kwa ajili ya linki za kulipiwa. Linki yenye alama hiyo bado inabofyeka, bado inaleta mgeni. Malipo si pesa peke yake. Mwanablogu akilala usiku 3 bure katika hoteli ya Bamburi, akala na kupelekwa kuona pomboo Wasini, kwa sharti aweke linki, hayo kwa kanuni za Google ni malipo na linki yake inastahili alama. Mwandikieni hivyo kwenye barua ya mwaliko, mstari mmoja unatosha. Hoteli nyingi za Pwani zinatoa vyumba kwa njia hii, na chache ndizo zinazojua.

Zile Sh300,000 zingefanya nini badala yake? Kwa biashara inayotafutwa na mtu aliye tayari Mombasa, tungeanza na Google Business Profile, ukurasa wa biashara yako unaoonekana kwenye Google na ramani zake, ambayo ni bure. Google inapanga biashara za karibu kwa mambo 3: ulinganifu na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu. Jina liwe lile lile lililo kwenye ubao wa dukani, bila kubandika "bora Mombasa" nyuma yake, maana hilo linaweza kusimamisha ukurasa. Kundi la biashara lichaguliwe kwa usahihi, saa za kufungua zirekebishwe wakati wa Ramadhani na sikukuu, pini iwekwe kwenye lango lenyewe, si katikati ya mtaa. Maoni ya wageni yajibiwe yote, hasa mabaya.

Kisha ni linki ambazo ni haki yako na hujazichukua. Kampuni ya utalii iliyo mwanachama wa KATO (chama cha kampuni za utalii), wakala aliye mwanachama wa KIFWA (chama cha mawakala wa mizigo na maghala), hoteli iliyo katika chama cha wenye hoteli, mfanyabiashara wa chama cha wenye viwanda na biashara tawi la Mombasa: ada ya uanachama imeshalipwa, basi angalieni kama jina lenu limo kwenye tovuti ya chama na kama anwani iliyoandikwa ni ya sasa. Watengenezaji wa boti, shule ya kupiga mbizi mnayoshirikiana nayo, msambazaji wa samaki, mpiga picha za harusi, hao wote wana tovuti na wanawajua.

Pesa zilizobaki ziende kwenye ukurasa mmoja ambao mtu angeutaja bila kuombwa. Wakala wa bandarini aandike namna ya kukadiria gharama za kuingiza gari lililotumika: sharti la umri usiozidi miaka 8, kodi zinazofuatana kwa mpangilio gani, VAT ya 16% inapigwa juu ya nini, hati zipi zinahitajika na nani anazitoa, pamoja na mfano mmoja uliopigwa hadi shilingi ya mwisho. Aurekebishe kila baada ya Bajeti ya Juni. Vikao vya wanunuzi wa magari vitautaja, na wanafunzi, na magazeti pia. Anayepeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari aweke jedwali la maji kujaa na kupwa kwa mwezi mzima, akieleza saa ipi matumbawe yanaonekana na saa ipi boti haitoki. Hakuna mshindani wa ng'ambo anayeweza kuandika hivyo kwa uhakika wa nahodha wa hapa. Ukurasa kama huo unagharimu siku chache za mwandishi mzuri na mpiga picha mmoja.

Ombi la mwisho linakuhusu, Mhariri, pamoja na wenzako wa vyombo vya habari. Mnapokea barua za watu wasiojulikana wanaotoa "makala ya bure yenye manufaa kwa wasomaji", wakiomba linki moja tu ndani yake, na wengine wakitoa malipo. Ni wanunuzi wale wale, wamekuja upande wa pili. Tangu Machi 2024 kanuni za Google zinagusa pia tovuti zenye heshima zinazokodisha sehemu zao kwa watu wa nje ili watumie sifa zake, na Novemba 2024 zilikazwa zaidi. Gazeti linaloaminiwa Pwani lina mengi ya kupoteza hapo. Tunaomba kila makala yaliyolipiwa yaandikwe TANGAZO juu kabisa, kwa herufi zinazosomeka hata kwenye simu ndogo, na linki zake ziwekwe sponsored na fundi wenu. Makala ya zamani yaliyowahi kulipiwa yanaweza kurekebishwa pia: tafuteni kwenye hifadhi yenu maneno kama kasino, mikopo na dau, na mtayapata mengi kwa alasiri moja.

Wakaguzi wa tovuti,
Ganjoni, Mombasa